Ncha ya Kusini Nyuma ya Paa la Jirani

Jiji la Dodoma liko karibu digrii 6 na dakika 10 kusini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo ncha ya kusini ya anga, yaani ile nukta ambayo nyota zote za kusini huonekana kuizunguka usiku kucha, iko juu ya upeo wa macho kwa digrii hizo hizo sita tu. Mtu akinyoosha mkono mbele yake na kukunja ngumi, ngumi hiyo hufunika digrii 10 hivi, kwa hiyo ncha yetu haifiki hata kimo cha ngumi moja. Uani kwetu, Nzuguni, upande huo wa kusini kuna ukuta wa jirani, na juu ya ukuta kuna paa lake la bati, na ncha ya anga iko nyuma ya vitu hivyo viwili mwaka mzima. Jambo hilo lilinisumbua tangu siku niliyoanza kufikiria kupiga picha za anga nikiwa nyumbani.

Asiyewahi kupiga picha za namna hiyo anaweza kujiuliza ncha inahusika vipi na picha ya nebula, yaani wingu la gesi na vumbi la angani, iliyo juu kabisa ya utosi. Inahusika kwa sababu dunia haitulii. Inajizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, na kwa mzunguko huo nyota iliyo karibu na ikweta ya anga, yaani ule mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, huhama sekunde 15 za pembe kwa kila sekunde moja ya saa (digrii moja ina dakika 60 za pembe, na kila dakika ina sekunde 60). Kwenye kamera yangu, iliyofungwa nyuma ya darubini ndogo yenye urefu wa fokasi wa milimita 400, kila pikseli hubeba sekunde 2.2 hivi za pembe, maana yake nyota hukimbia pikseli saba kila sekunde. Maunti, yaani kile kichwa cha chuma kinachobeba darubini na kuizungusha kwa mota, hufuta mwendo huo kwa kuzunguka kinyume cha dunia kwa kasi ile ile. Lakini haiufuti wote endapo mhimili wake haukulala sambamba na mhimili wa dunia. Nyota zitahama polepole kuelekea kando, na baada ya dakika mbili au tatu picha itajaa vijistari badala ya vidoa.

Walio kaskazini mwa dunia wana nyota ya Polaris, inayong'aa vizuri na iliyo umbali usiofika digrii moja kutoka kwenye ncha yao, nao huichungulia ndani ya mhimili wa maunti na kumaliza kazi kwa muda mfupi. Kusini tumepewa Sigma Octantis, nyota hafifu ya ukubwa wa 5.4 (katika kipimo hiki cha mwangaza, namba ikiongezeka mwanga hupungua), ambayo hata kwenye giza zuri macho huitafuta kwa shida. Kwa mtu wa Cape Town au Sydney, ambako ncha imepanda juu zaidi ya digrii 30, Sigma Octantis bado inafaa. Kwetu iko chini, ndani ya vumbi na moshi wa upeo, na hata ningebomoa ukuta wa jirani, hewa ya kimo hicho hupinda mwanga kwa dakika nane hivi za pembe na kuionyesha ncha juu kuliko ilipo. Niliamua kwamba nisiendelee kuitafuta kwa macho.

Ilikuwa mwishoni mwa Julai 2022, wiki chache kabla ya sensa, katika siku za mwandamo ambapo mwezi hausumbui. Kiangazi cha Dodoma kilikuwa kimekolea: anga halina wingu, usiku una baridi, na upepo haukomi. Mtaani kwetu kulikuwa na mzee mmoja, fundi mwashi, ambaye nilikuwa nimemwona mara nyingi akisimamisha kuta zilizonyooka bila kupindwa na haraka za mwenye nyumba. Nilimfuata asubuhi, nikamwamkia, nikamweleza kwamba nahitaji mstari wa kusini halisi uani kwangu, wala si kusini ya dira, kwa sababu dira hufuata sumaku ya dunia, na sumaku hiyo haielekei kwenye ncha halisi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Mwalimu, jua lako la adhuhuri linakuwa saa ngapi?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Saa za Afrika Mashariki hufuata longitudo ya digrii 45, ile inayopita karibu na Mogadishu, na sisi tuko digrii tisa na kitu magharibi yake. Jua hutumia dakika nne kuvuka digrii moja, hivyo linatufikia likiwa limechelewa dakika 37, na mwishoni mwa Julai huongeza nyingine sita kwa sababu ya namna dunia inavyolizunguka jua. Nilimjibu kwamba ni saa 6:43 mchana. Wakati huo jua la Julai liko kaskazini yetu, na kivuli cha kitu kilichosimama wima huangukia kusini kabisa.

Alikuja na timazi yake, pima maji, misumari na mpwa wangu akiwa amembebea ndoo. Alifunga kamba ya timazi kwenye boriti ya banda la kuku, na upepo ulipoanza kuiyumbisha, akaizamisha ile chuma ndani ya ndoo ya maji hadi ikatulia. Sikuwahi kuiona mbinu hiyo, na tangu siku ile sijaiacha. Kivuli cha kamba kilikuwa kikali karibu na ndoo, kisha kikawa kinene na hafifu kadiri kilivyokwenda mbali, kwa kuwa jua lenyewe lina upana wa nusu digrii. Mimi nilishika simu nikihesabu sekunde, naye alichuchumaa na misumari miwili mkononi. Kwa kimo cha jua la siku hiyo, kivuli cha adhuhuri huzunguka zaidi ya nusu digrii kwa dakika moja, kwa hiyo nilitamka "sasa" kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Akapigilia misumari, akatandaza kamba kati yake, na tukawa na mstari wa kusini uliokwenda moja kwa moja kwenye dirisha la jikoni kwa jirani.

Kazi ya kimo ilimfurahisha zaidi. Nilimwambia mhimili unatakiwa kuinuka digrii 6 na dakika 10, naye akataka nimtafsirie kwa sentimita, kama mteremko wa paa. Tukapiga hesabu: kwa kila mita moja ya mlalo unapanda sentimita 10.8. Alikata kipande cha ubao chenye umbo la pembetatu, urefu nusu mita, kimo sentimita 5.4 upande mmoja na sifuri upande wa pili, akakipiga msasa kwa uangalifu ambao kabati la sebuleni lingestahili. Darubini ikielekezwa sambamba na mhimili, pembetatu hiyo hulazwa juu yake upande mnene ukiwa kaskazini, na pima maji juu ya pembetatu. Kiputo kikikaa katikati, kimo ni sahihi.

Hapo maunti yenyewe ikatupa kizuizi. Watengenezaji wa vifaa hivi huwafikiria zaidi watu wa latitudo za kati, na kipimo cha chini kabisa cha maunti yangu kilikuwa digrii 10. Tena, mhimili ukilala chini kiasi hicho, ule mwanzi wa vyuma vya mizani, vinavyosawazisha uzito wa darubini, huning'inia upande wa kusini na kugonga mguu. Tuliigeuza miguu mitatu ili mguu mmoja uende kaskazini na miwili ibaki kusini, vyuma vikapata nafasi ya kupita kati yake, kisha tukauinua ule mguu wa kaskazini kwa sentimita sita hivi mpaka kichwa kizima kikainamia kusini. Vitabu husisitiza kwamba miguu iwe sawa na maji. Si lazima. Kinachotakiwa ni mhimili kuelekea panapostahili, na miguu inaweza kukaa itakavyo mradi haitikisiki. Mwisho fundi alishusha timazi kutoka mbele na nyuma ya darubini, akasogeza kila kitu taratibu mpaka ncha zote mbili za timazi zikagusa kamba.

Kivuli na pembetatu vingetufikisha ndani ya digrii moja, na kwa picha ya dakika tatu hiyo bado haitoshi. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya usiku.

Giza lilipoingia sawasawa, kama saa 2 usiku, Njia Nyeupe ilikuwa imetanda juu ya uani, Nge akiwa karibu na utosi na Msalaba wa Kusini ukiinamia kusini-magharibi. Njia niliyotaka kuitumia haihitaji kuiona ncha. Unachagua nyota iliyo karibu na ikweta ya anga, ikiwa inavuka mstari unaogawa mashariki na magharibi, kisha unatazama kama inateleza kuelekea kaskazini au kusini wakati maunti inaifuata. Nilichagua Yed Prior, ya kundi la Ophiuchus. Kwa Ulaya nyota hiyo hupita nusu ya njia kati ya upeo na utosi. Kwa Dodoma hupita karibu kabisa na utosi, kiasi kwamba skrini ya kamera ilitazama ardhini, na mpwa wangu akalazimika kulala chali kwenye mkeka ili aisome.

Nilifungua kamera kwa zaidi ya dakika mbili. Sekunde tano za mwanzo sikugusa kitu, nyota ikaacha kidoa. Kisha nikabonyeza kitufe cha rimoti ili maunti iende magharibi polepole kwa dakika moja, halafu nikairudisha mashariki kwa dakika moja nyingine. Kama mhimili uko sawa, nyota huchora mstari mmoja wa kwenda na kurudi juu ya njia ile ile. Kama hauko sawa, mstari wa kurudi hauangukii ule wa kwenda.

"Mjomba, imepanuka," alisema mpwa wangu. Fundi, ambaye nilimdhani angekwenda kulala baada ya chakula, aliinama pembeni yake. Kwenye skrini mistari miwili myembamba iliungana pale maunti ilipogeukia, ikaachana kuelekea upande wa kidoa kama mdomo wa koleo. Nilipoipima, nyota ilikuwa inateleza kwenda kaskazini sekunde nane hivi za pembe kwa kila dakika ya saa, mwendo unaolingana na nusu digrii ya mwelekeo, yaani kile kile ambacho kivuli cha adhuhuri hakiwezi kukipunguza.

Hapa ndipo maelekezo mengi humpoteza mtu wa kusini, kwa kuwa yameandikwa na watu wanaotazama ncha nyingine. Kwetu, nyota ya utosini ikiteleza kwenda kaskazini, mhimili umeelemea mashariki. Ikiteleza kusini, umeelemea magharibi. Nililegeza boliti moja ya pembeni na kukaza ya upande wa pili, robo ya mzunguko, mhimili ukasogea magharibi, na picha iliyofuata mdomo wa koleo ulikuwa umefumba kwa zaidi ya nusu. Tuliendelea hivyo, robo, halafu kidogo kuliko robo, hadi fundi aliposema haoni tena mistari miwili hata picha ikikuzwa.

Kwa kimo tulihamia kwenye nyota ya Altair, iliyokuwa mashariki ikipanda juu ya taa za mtaa wa pili. Nyota ya mashariki haisumbuliwi sana na kosa la mwelekeo. Yenyewe hufichua kosa la kimo. Ikiteleza kusini, mhimili uko juu mno, na ikiteleza kaskazini, uko chini mno. Ilionekana kuteleza kusini kidogo sana, na boliti ya kimo haikuhitaji hata robo. Pembetatu ya ubao ilikuwa imefanya kazi kubwa kuliko nilivyotarajia, na nilimwambia fundi mwenyewe mbele ya mpwa wangu. Alijibu, "Ubao haudanganyi kama umekatwa vizuri." Tulirudi utosini kuhakiki mwelekeo, kwa sababu kugusa kimo kunaweza kuvuta na upande, kisha nikakaza kila kitu.

Upepo wa usiku ule ulikuwa mkali upande wa barabara, lakini uani haukutufikia sana, na hilo tulilipata kwa ukuta ule ule wa kusini. Karibu saa 4 usiku nilielekeza darubini kwenye nebula ya Lagoon, ile ambayo mwanaastronomia Mfaransa Messier aliiorodhesha kwa namba 8, iliyo mbali nasi kwa zaidi ya miaka 4,000 ya mwendo wa mwanga. Kwa Dodoma nebula hiyo hupita karibu na utosi, mahali hewa ilipo nyembamba kuliko kwingine kote, jambo ambalo wapiga picha wengi wa Ulaya hawalipati. Nilifungua kamera kwa dakika tatu. Tulikaa kimya bila kuambiana tukae kimya, kila mmoja akiogopa kukanyaga karibu na miguu ya maunti.

Picha ilipotokea niliikuza kwenye pembe zote nne kabla ya kuitazama nebula yenyewe. Nyota za pembeni zilikuwa vidoa vya mviringo, na za katikati pia. Ndipo nikamwachia mpwa wangu aone lile wingu jekundu na ufa mweusi unaolikata katikati. Fundi aliomba aonyeshwe nyota moja tu, karibu karibu, akaitazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole juu ya kioo kana kwamba anapima kona ya ukuta.

Tulipiga picha hadi saa 7 usiku. Kabla sijaanza kufungua vifaa, fundi alinizuia, akachukua kipande cha mkaa jikoni na kuzungushia alama kila mguu ulipokanyaga. Kesho yake alikuja na nusu mfuko wa saruji, akachimba mashimo matatu kwenye alama zile, akamwaga zege, na kabla halijakauka akazamisha kichwa cha boliti katika kila shimo ili ncha ya mguu irudi pale pale. Lile la kaskazini alilijenga juu kwa sentimita sita, akalihakiki kwa pima maji na pembetatu yake, kisha akamwagiza mpwa wangu alinyweshe maji asubuhi na jioni kwa siku saba.