BARABARA na mipangilio yake 420

Shemeji yangu wa Nairobi hakosi la kututania sisi wa pwani, na safari hii hesabu imempa silaha. Herufi za NAIROBI zinapangika kwa namna 2,520. Za MOMBASA, 1,260. Nusu kamili! Herufi ni saba huku na huku, ila wao wamerudia I peke yake, sisi tuna M mbili na A mbili. Nikamtupia ZANZIBAR, 10,080. Akasema hiyo ina herufi nane, nisilete ujanja.

Wanafunzi wangu wa twisheni hukwama hapo pa kugawanya. Kuzidisha hawana taabu nako: nafasi ya kwanza ina chaguo 7, ya pili 6, hadi 1, unapata 5,040. Wakiona herufi zimejirudia wanataka kutoa. "Si mbili zinafanana, mwalimu? Toa mbili." Kanuni imo vitabuni, wengi huikariri bila kuiamini.

Kwa hiyo naandika BARABARA ubaoni kwa chaki za rangi, hata herufi zinazofanana ziwe na rangi tofauti. Sasa zote nane zinatofautiana: mipangilio 40,320. Kisha nauliza, asiyeona rangi atasoma nini? A nne zinaweza kubadilishana nafasi kwa namna 24, B kwa namna 2, R kwa namna 2, na yeye asione tofauti yoyote. 24 mara 2 mara 2 ni 96. Yaani kila mpangilio anaouona yeye, sisi tumeuhesabu mara 96. Gawanya: 420. PILIPILI nayo ni 420, wala usihangaike kukokotoa upya.

Kwa mbishi nina dawa ya zamani. Bhaskara, mwanahisabati wa India, katika kitabu chake Lilavati cha mwaka 1150, anauliza tarakimu 4, 8, 5, 5, 5 zinaunda nambari ngapi. Ni 20, na zote zinaenea ukurasa mmoja wa daftari.

Swali ninalolipenda mimi ni jingine: katika zile 420, ngapi zinasomeka kwa silabi za BA na RA tupu? A zote zimeshapata mahali, mwisho wa silabi. Zilizobaki kupangwa ni B mbili na R mbili: 24 gawanya kwa 4, sita. BARABARA, BABARARA, BARARABA, RABARABA, RABABARA, RARABABA. Hiyo RABARABA, masikioni mwangu, ingefaa kabisa kuwa jina la dawa ya kikohozi.