Maji ya Kayabwe
Huko Kayabwe, mahali ambapo barabara ya Kampala kwenda Masaka inakatiza mstari wa Ikweta, wageni huonyeshwa maji yakizunguka kulia upande mmoja wa mstari na kushoto upande wa pili, eti kwa sababu ya mzunguko wa dunia. Nilirudi na beseni langu lenye tundu, nikayaacha maji yatulie nusu saa kabla ya kuzibua, na pande zote mbili yalizunguka ovyo, mara huku, mara kule. Nionavyo, siri imo katika namna ya kuyamimina. Mzunguko wa dunia huvipinda vimbunga kweli, ila kwenye Ikweta athari hiyo hutoweka; hata mhandisi Ascher Shapiro, alipoipima athari hiyo huko Marekani mwaka 1962, alilazimika kuyatuliza maji kwa saa 24. Onyesho lenyewe, hata hivyo, bado nalipenda.