Waragi ya jaja na sheria ya Raoult

Leo hapa Jinja, Uganda, kipindi cha kemia. Nimetoka tu kueleza sheria ya Raoult: katika mchanganyiko, kila kimiminika huchangia shinikizo la mvuke kwa kadiri ya sehemu yake ya moli, yaani sehemu ya molekuli zote iliyo yake.

Binti wa nyuma akanyoosha mkono. (Jaja kwetu ni bibi au babu; waragi ni pombe kali ya kuchemsha na kukusanya mvuke wake.)

"Mwalimu, jaja anapika waragi. Akiirudia mara mia, si itabaki spiriti tupu?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka.

Haibaki. Ethanoli, yaani spiriti yenyewe, na maji havipatani sana, kwa hiyo mvuke huzidi hesabu ya Raoult. Ethanoli ikifika asilimia 95.6 kwa uzito, mchanganyiko unachemka kwa nyuzi 78.2, na mvuke una kiasi kilekile cha ethanoli kama kimiminika chenyewe, kwa hiyo kurudia hakuongezi kitu. Mtungi umegoma!

Akanong'ona: "Kumbe jaja hana kosa."

Sauti ile bado ninayo masikioni.

Walimu wenzangu, nyinyi mmeulizwa nini wiki hii?