Akodiani ya Tex-Mex inatetemeka: jinsi nilivyotatua

Hatimaye imekubali! Kwenye programu yangu ya kusindikiza nyimbo, inayotumia rekodi za ala, polka ya Tex-Mex (muziki wa Wamarekani wenye asili ya Meksiko huko Texas) ilitoka vibaya: akodiani inatetemeka, na kila pigo la bajo sexto, lile gitaa nene la nyuzi 12, linasikika mara mbili. Nilibadilisha draiva ya sauti, nikazima mwangwi, nikasakinisha upya. Wapi!

Dawa ilikuwa namba ndogo kando ya jina la ala: tempo, yaani kasi, ya rekodi: mapigo 190 kwa dakika. Wimbo wangu ni 110, kwa hiyo programu ilikuwa inaivuta rekodi mno. Chagua rekodi yenye tempo iliyo karibu na yako. Kisha, na hapa ndipo penyewe, amuru programu iutengeneze wimbo upya. Ukibonyeza kucheza tu, utasikia ileile ya zamani. Gitaa la pedali la kantri nalo limenyooka hivyohivyo.