Seva imewaka, mtandao haupo

Wadau, ndiyo natoka chumba cha seva sasa hivi. Masikio bado yanavuma kwa feni.

Leo tulipandisha toleo la mfumo wa Linux unaobeba mashine pepe zetu zote (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva moja). Usasishaji ukaisha bila kosa lolote. Tukawasha upya.

Kimya.
Ping, jaribio la kuona kama seva inafikika, haijibu, ukurasa wa usimamizi haufunguki.

Nikachomeka skrini na kibodi. Kumbe seva iko hai! Diski zipo, mashine pepe zipo.

Nikaandika ip link, amri ya kuorodhesha kadi za mtandao, na hapo nikaganda: kadi ya mtandao iliyokuwa eno1 sasa inaitwa eno1np0.

Herufi tatu tu!

Kerneli mpya, yaani kiini cha Linux, sasa inataja jina la poti (p0), na udev, programu inayovipa vifaa majina, ikaliongeza kwenye jina la kadi, lakini faili la mipangilio ya mtandao, /etc/network/interfaces, bado linaitafuta eno1. Daraja linalounganisha mashine pepe na mtandao likabaki halina kadi. Ofisi nzima imesimama kwa ajili ya np0.

Nikarekebisha jina kwenye faili hilo, nikapakia upya mipangilio kwa ifreload -a, ping ikajibu. Nilishusha pumzi mpaka jirani akageuka.

Kwa seva zilizobaki nitafunga jina kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi yenyewe), kwenye faili la .link linalopanga majina ya kadi, kabla ya kugusa chochote.

Nyie mnafanyaje? Yamewahi kuwakuta?