Siku moja na ndoo tatu: kuosha magari majumbani Dar es Salaam

Saa 11 alfajiri. Ndoo tatu za lita 20 zinapangwa kwenye bajaji: ya shampuu, ya kusuuzia, na ya matairi, ambayo itabaki ya matairi mpaka ichakae. Mbili za kwanza zina wavu wa plastiki chini, ili mchanga unaotoka kwenye glavu uzame chini ya wavu usipande tena. Glavu mbili za maikrofaiba (kitambaa cha nyuzi laini sana), taulo kumi, brashi laini ya rimu, mashine ya presha. Watu wakiuona mzigo huu huuliza, "Kwani kuosha gari si maji na sabuni tu?" Swali hilo ndilo limenifanya niandike.

Rangi ya kiwandani, ukijumlisha tabaka zote, mara nyingi huwa kati ya mikroni 100 na 150 (mikroni elfu moja ni milimita moja). Klia ya juu, inayoilinda rangi na kuipa mng'ao, huwa kama mikroni 40 hivi. Unywele wa kichwani una kama 70. Anayeshika tambara anashughulika na kitu chembamba kuliko unywele. Na ule utando wa buibui, yaani mikwaruzo midogo ya duara, unaouona kwenye gari jeusi usiku, chini ya taa za kituo cha mafuta, kwa sehemu kubwa hautoki barabarani. Unatoka kwenye mkono unaoosha.

Saa 12 na robo, Sinza. IST nyeupe ya kila wiki, silanti yake, dawa inayofunika na kulinda rangi, bado iko hai: maji yanajikusanya matone ya duara na kuteleza yenyewe. Dakika 40, imekwisha.

Saa 1 na nusu, Kijitonyama. Noah ya fedha yenye lami kwenye madigadi. Dawa ya lami, dakika mbili, futa, kisha sehemu hiyo ioshwe upya kwa shampuu maana dawa imeondoa na waksi. Nyingine yote ni kawaida.

Saa 3, Mikocheni. Crown nyeusi. Kwenye kibao cha kiwandani chenye namba ya chasisi, namba ya rangi imeandikwa 202. Mafundi wengi wanaijua nyeusi hiyo ya Toyota: inang'aa kama kioo, lakini ni laini, inakwaruzika hata kwa kitambaa unachokiona kisafi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Piga maji haraka, upake polishi ing'ae. Nina kikao saa 6."

Gari limekaa juani tangu kuche, chini ya waya wanapotua kunguru. Naweka mgongo wa mkono kwenye boneti; sekunde mbili nauondoa. Bati la moto hivyo haliguswi na sabuni. Maji yanakauka kabla hujayasuuza, shampuu inaacha michirizi, na chumvi ya maji ya kisima inabaki juu ya klia. Kivuli kipo upande wa pili wa nyumba, ila ufunguo uko juu kwa mama, na mama yuko kwenye simu. Dakika 20 zinaondoka. Gari likishafika kivulini, dakika 15 nyingine za kulisubiri lipoe.

Mzee anatoka. "Kijana, mbona hujaanza?"

"Mzee, bado ni la moto. Sabuni itakaukia juu yake iache madoa."

"Pale barabarani wanaosha hapohapo juani, robo saa, tena kwa nusu ya bei yako."

Ni kweli wanaosha, na kazi yao iko mbele yetu. Buti zima lina mikwaruzo ya duara, alama ya tambara lililozungushwa na mchanga ndani yake. Ndani ya buti nakuta chanzo cha pili: fulana kuukuu ambayo dereva hufutia vumbi kila asubuhi, kavu kwa kavu. Vumbi la Dar lina chembe za mchanga. Kulifuta bila maji ni kupiga msasa laini, kila siku, gari lote.

Rimu zinaanza, kwa ndoo yake, kwa sababu vumbi la breki lina chembe za chuma na halitakiwi karibu na glavu ya bodi. Kisha presha, ncha ikiwa kama sentimita 30 kutoka kwenye bodi, kutoka paa kushuka chini. Kazi ya maji haya ni kuondoa mchanga mwingi kadiri inavyowezekana kabla mkono haujagusa chochote. Halafu mapovu, dakika tano, yalowanishe kilichobaki, yasuuzwe kabla hayajakauka.

Sasa glavu. Ndoo moja ina lita 10 za maji na shampuu kwa kipimo cha chupa. Sabuni ya unga siitumii, ina ukali wa kuvua waksi na kufubaza plastiki. Ndoo ya pili ina maji matupu. Paa, vioo, boneti, buti, nusu ya juu ya milango; bampa na sehemu za chini kwa glavu ya pili, mwisho kabisa. Nusu paneli, kisha glavu inasuguliwa kwenye wavu wa ndoo ya maji matupu, ndipo inarudi kwenye shampuu. Mistari iliyonyooka, bila kuzungusha, bila kukandamiza. Kukausha, taulo kubwa linatandazwa juu ya maji na kuvutwa taratibu.

Hapo ndipo gari linaposema ukweli wake. Doa la kunguru kwenye boneti lilikuwa limelowanishwa kwa kitambaa chenye maji, dakika 10, na kuinuliwa bila kusuguliwa, maana ndani yake huwa na mbegu na mchanga. Chini yake kuna duara lililofifia, ukubwa wa sarafu, kingo zake zikihisika kwa ncha ya kucha. Kinyesi cha ndege kina tindikali, na jua limeisaidia: klia ilipopata joto ikalainika na kutanuka, kinyesi kikakauka juu yake, usiku klia ikajikunja ikiwa imeshaharibika. Doa ukiliwahi, mara nyingi haliachi kitu. La wiki nzima linaweza kuwa shimo.

Kuna na madoa ya maji, vipete vyeupe vya chokaa kwenye milango. Siki nyeupe kwa maji safi yasiyo na chumvi, nusu kwa nusu. Maji hayo ni yale ya kuongezea kwenye betri. Usije ukachukua tindikali yake. Kitambaa kilicholowa kinalazwa juu ya doa dakika moja au mbili, kisha panasuuzwa na kuoshwa kwa shampuu. Mengi yanatoka. Yaliyokwisha kuingia kwenye klia yanabaki.

"Si upake polishi tu yaishe?"

Neno hili linatusumbua sana. Madukani kila kinachong'arisha kinaitwa polishi, lakini polishi halisi hukwangua: inapunguza klia kidogo ili ukingo wa mkwaruzo ulainike. Waksi na silanti hufunika tu. Klia ukiimaliza hairudi, ni kupiga rangi upya. Kwa hiyo lile duara la kunguru linapata polishi laini, kiasi cha punje ya harage, kwa sponji, eneo la kiganja tu. Linafifia kama nusu. Naacha hapo. Kuifukuzia nusu iliyobaki ni kutoboa klia kwa ajili ya doa ambalo mtu aliye umbali wa mita mbili halioni.

Adhuhuri imeshaadhiniwa. Mzee amehamishia kikao kwenye simu na bado anazunguka gari. Mgongo umekaza. Kabla ya silanti navaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na kupitisha vidole juu ya paa. Plastiki huifanya ngozi isikie zaidi. Panaparuza kama chumvi. Udongo maalumu wa kunasa uchafu ulioganda kwenye rangi, kipande cha gramu 50 kilichofanywa bapa, unapita juu ya maji yenye shampuu bila nguvu, mpaka mkono uteleze. Ukidondoka chini unatupwa, hata ukiwa mpya. Leo umebaki mkononi. Kilichoanguka ni taulo, limetengwa.

Silanti inapakwa nyembamba kiasi cha kuonekana kama pumzi kwenye kioo. Wengi hupaka nzito, kisha wanahangaika kuifuta na inabaki mawingumawingu. Inasubiri dakika kumi. Kidole kikipita na kuacha njia safi, iko tayari. Plastiki nyeusi zinakwepwa, zinabaki na weupe mgumu kutoka. Dereva analeta dizeli ya kupaka matairi yawe meusi. Namkatalia kwa upole: weusi wake ni wa siku moja, unakamata vumbi, na mafuta hulainisha mpira.

Kwa gari linalolala nje Mikocheni, upepo wa bahari ukilipiga, nashauri silanti, miezi minne hadi sita. Waksi ya karnauba (nta ya mmea) ina mng'ao wa kina zaidi kwenye nyeusi, ila kwa joto letu mwezi au miwili imekwisha. Maji yakiacha kujikusanya na kuanza kulala bapa, ulinzi umeondoka.

Mzee anasimama mbele ya boneti, anajiona. Analipa bei yote. Dereva naye anaiweka ile fulana kwenye pipa la taka mwenyewe, naye nimemwachia taulo mbili na maelekezo: maji kwanza, kila mara.

Gari la nne halikuwezekana leo. Jioni ni taulo: maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji, bila kilainishi, maana huziba nyuzi na taulo halinyonyi tena. Zinaanikwa ndani, mbali na vumbi. Lile lililoanguka Mikocheni nalikata kona moja kwa mkasi na kulitia kwenye ndoo ya matairi.