Kulisha Mbwa Nyama Mbichi kwa Joto la Malindi

Ninatunza nyumba ya watu upande wa Casuarina, hapa Malindi. Mwenye nyumba ni Mwitaliano, mama mstaafu, tunamwita Signora kama ilivyo desturi ya mji huu. Masika yakikaribia hufunga virago, na hatumwoni tena hadi Disemba. Akiwapo, mbwa ni wake. Akiondoka, mbwa ni wangu, nao ni wawili: Bruno, jamii ya German Shepherd, na Pilipili, jike la kienyeji lililojileta lenyewe getini likiwa dogo na likakataa kuondoka.

Mwaka mmoja, kabla hajasafiri, aliniita jikoni akanikabidhi mizani ndogo ya kupimia unga wa keki pamoja na karatasi aliyoiandika kwa mkono. Kuanzia hapo mbwa wasile tena chakula cha gunia, wala sima na dagaa. Wale nyama mbichi, mifupa mibichi na viungo vya ndani. Mimi ni mtu wa kuagizwa, nikasema sawa. Ila karatasi ile haikusema nyama yote hiyo itakaa wapi, katika mji ambao saa nne asubuhi jasho linakutiririka ukiwa umekaa tu, na stima hukatika bila hodi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mbwa mzima hupewa kwa siku asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake. Akinenepa unapunguza, akikonda unaongeza. Bruno ana kilo 30, nikampimia gramu 750. Pilipili ana kilo 16, zikamtosha 400. Katika zile 750 za Bruno, 600 ni nyama, 75 ni mfupa wa kutafunika, na 75 ni viungo vya ndani, nusu maini na nusu figo au bandama. Moyo, ulimi, firigisi na matumbo huhesabiwa nyama, ingawa buchani huuzwa pamoja na vya ndani. Mfupa haukuwekwa hapo kwa mapambo: mnofu una fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mbwa akilishwa mnofu mtupu, mwili wake huanza kuichota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe. Watoto wa mbwa ndio huharibika haraka. Maini nayo yana vitamini A nyingi, kwa hiyo hayaongezwi kwa sababu tu ni rahisi kupatikana.

Nilisoma kwenye simu usiku, zamu ikiwa kimya. Mtindo huu ulienezwa na daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, tangu mwaka 1993, na wafuasi wake hupenda kusema mbwa ni mbwamwitu aliyehamia nyumbani. Chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani kwa upande wake kilitoa msimamo mwaka 2012 kuwashauri watu wasiwape mbwa na paka nyama mbichi, kwa ajili ya vijidudu kama salmonela. Nilimtumia Signora habari hiyo. Alijibu kwamba anaijua.

Basi nikaenda buchani.

"Ami, nipimie kilo nne za mabaki. Moyo, nyama ya kichwa, chochote kisicho na soko."

"Una shughuli nyumbani?"

"Hapana, ni za mbwa."

Akaweka kisu chini. "Mbwa wako wala nyama ya mizani, na mimi mwenye bucha nalala na maharagwe?"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka, nami nikacheka, lakini neno lile liliniingia. Mke wangu alilisema pia, kwa maneno makali zaidi, na siwezi kumlaumu. Bara huko Magarini na Ganze mvua ikikosa watu hulala njaa kweli. Ndiyo maana niliamua sitagusa steki wala paja la mbuzi, hata kama fedha ni za mwenye nyumba. Nilinunua vile ambavyo jioni huwa vimebaki kwenye ndoano: moyo, ulimi uliokatika vibaya, mapande ya shingo. Kwa wauza kuku wa broila nikapata shingo, vichwa na firigisi. Shingo ya kuku ni kitu cha maana sana katika kazi hii, maana karibu theluthi yake ni mfupa, tena laini, na mbwa huimaliza yote. Mfupa wa mguu wa ng'ombe niliukataa, unavunja meno. Na mfupa uliopikwa, wa mnyama yeyote, haupewi mbwa kamwe: moto huufanya mkavu, ukivunjika hutoa ncha zinazotoboa utumbo.

Samaki mbichi sikuwapa, ingawa ndio rahisi kwetu. Baadhi yao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na ufukweni kuna bunju, ambaye sumu yake haiondoki hata kwa kupikwa. Wavuvi wakishavuta nyavu na kutupa wasiowataka mchangani, Bruno hutembea na kamba shingoni.

Sasa maini. Hapa ndipo niliiacha karatasi ya Signora.

Daktari wa mifugo aliyekuja kuwadunga chanjo ya kichaa cha mbwa aliniuliza wanakula nini. Nilipomwambia, hakunihubiria. Aliniuliza tu: "Hayo maini na mapafu unayakata kwanza ukayatazama?" Akanieleza habari za tegu mmoja mdogo anayeishi ndani ya utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi, mbuzi au kondoo huyala na majani, na ndani ya ini au mapafu yake huota vifuko vya maji. Mbwa akila ini hilo bichi, tegu huanza upya. Mtu akiyameza mayai, kwa mikono iliyomshika mbwa au kwa mboga isiyooshwa, vifuko humwota yeye. Hukua polepole kwa miaka bila maumivu, na mara nyingi huishia kwenye upasuaji. Turkana kunajulikana duniani kote kwa ugonjwa huu, na mifugo ya nchi hii haikai mahali pamoja. Mbuzi anayechinjwa Malindi huenda alikulia mbali.

Baada ya hapo nikawa nayatazama. Nilishakaa kwenye machinjio ya kijijini asubuhi, mchinjaji akanionyesha ini la kondoo lenye kifuko cheupe ukubwa wa gololi, kimejaa maji maangavu, ngozi yake ngumu kidogo ukiibonyeza. "Hili haliuzwi," akasema, akalikata lile pande na kulirusha nyuma ya ukuta. Nyuma ya ukuta walikuwapo mbwa wa mtaani, wamekaa wakingoja, wanajua saa. Hakuwa na nia mbaya, kwake ilikuwa sadaka. Nilimwambia alizike, akaniangalia kama mtu niliyeingilia yasiyonihusu, lakini mkaguzi wa nyama aliyekuwa karibu alinisikia na akalikazia neno langu.

Kuna njia mbili za kuviua vifuko hivyo. Moja ni kugandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku kadhaa mfululizo. Kwa stima yetu mimi sikuthubutu kuapa kwamba friza imekaa kwenye nyuzi hizo bila kukatizwa. Nyingine ni kuchemsha nusu saa. Nikachagua sufuria. Nyama na shingo za kuku zikabaki mbichi, maini, figo na bandama vikachemshwa, mapafu nikayaacha kabisa. Dawa ya minyoo yenye prazikwanteli nikawapa kila wiki sita, kwa kuwa tegu huyo huchukua muda kama huo kukomaa ndani ya mbwa na kuanza kutaga.

Friza nayo ina siri yake. Ikijaa pomoni na mlango usifunguliwe, huweza kushika baridi hadi siku mbili stima ikiwa haipo. Ikiwa nusu tupu, nusu ya muda huo. Kwa hiyo palipobaki nafasi niliziba kwa chupa za maji yaliyoganda. Nyama niliigawa kwa mlo mmoja mmoja kwenye mikebe ya majarini, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017. Ilipotokea stima kupotea zaidi ya hapo, nilikwenda kununua barafu wanakonunua wavuvi. Nyama iliyoyeyuka yote na kupata joto hairudishwi kwenye friza. Na isidhaniwe kwamba baridi huua salmonela, huilaza tu.

Usafi ulikuwa na sababu ya pili. Mwenzangu wa bustani ni Mwislamu, na kwa madhehebu ya Shafii tuliyoyazoea pwani, chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Sikutaka kumtia katika mashaka kila anapochota maji. Kisu cha mbwa, ubao, ndoo na bakuli nilivipaka rangi nyekundu mpinini au pembeni, vikawa na bomba lao nyuma ya banda. Kila baada ya mlo ni maji moto, sabuni, kisha jiki.

Ila waliotusumbua kuliko vyote ni kunguru. Hawa wa Malindi hawaogopi mtu. Siku za mwanzo niliweka bakuli barazani, na kabla Bruno hajamaliza, mmoja alishuka akanyakua shingo ya kuku, wenzake wakamkimbiza, ikaangukia uwanja wa jirani, juu ya kanzu iliyoanikwa. Ilikuwa Ijumaa. Mzee yule alikuja getini ameishika shingo kwa kijiti. "Mwanangu," akaniambia kwa upole uliozidi matusi, "nyama ya mbwa wako imenitangulia msikitini." Niliifua kanzu upya kwa namna aliyoniagiza, pamoja na udongo. Tangu hapo mbwa hulishwa ndani ya banda la waya, alfajiri kabla kunguru hawajaamka na baada ya magharibi wakishalala. Bakuli hukaa dakika ishirini. Kilichobaki huondolewa, kwa kuwa kwa joto letu vijidudu huongezeka haraka, na sisimizi hawangoji.

Kama chakula kinawafaa, kinyesi ndicho hukwambia. Kikiwa cheupe, kikavu, kinamomonyoka, mfupa umezidi. Kikiwa cheusi na cha majimaji, umezidisha maini. Bruno alitulia upesi, kinyesi kidogo, kigumu, kisichonuka sana, na akaacha kujikuna masikio. Sitasema ni nyama iliyomponya, huenda ni kile chakula cha gunia kilichomkataa. Pilipili hakupenda. Alikula nyama kisha akaenda kukaa mlangoni kwangu kutazama sufuria ya sima. Watafiti wa Uswidi walichapisha mwaka 2013 kwamba mbwa wana nakala nyingi za jeni ya kumeng'enya wanga kuliko mbwamwitu. Nikaona basi Pilipili ana haki yake, nikawa namchanganyia kipande cha sima jioni na kumpunguzia nyama.

Signora aliporudi Disemba aliwapima wote wawili kabla hajafungua sanduku. Bruno alikuwa palepale. Kuhusu maini ya kuchemsha alibisha kidogo, akampigia daktari simu, kisha akaninunulia sufuria kubwa zaidi. Pilipili alikuwa ameongezeka kilo moja. Amesema sima ipungue. Haijapungua sana.